Namna ya kufuatilia kazi ya miaka 48 ya seneta mstaafu: Patrick Leahy wa Vermont

Anayetaka kumwandika Patrick Leahy, awe mwanahabari anayefuatilia misaada ya kijeshi Nairobi, mwanafunzi wa sayansi ya siasa Dar es Salaam, au Mkongo aliyehamia Burlington na kutaka kujua historia ya jimbo lake jipya, hukwamishwa na wingi wa mambo. Leahy alikaa katika Seneti ya Marekani tangu 3 Januari 1975 hadi 3 Januari 2023, akapiga kura zaidi ya 17,000. Waliomzidi muda katika historia ya Seneti ni wawili tu: Robert Byrd na Daniel Inouye.

Njia ya mkato ambayo wengi huikimbilia ni kufungua Congress.gov, tovuti rasmi ya Kongresi (bunge la Marekani), kuandika jina lake, kuhesabu miswada yake iliyopita, kisha kutoa hukumu. Hesabu hiyo haifai. Kazi nzito za seneta mkongwe huingia katika sheria kupitia sheria za bajeti, marekebisho na vyumba vya kamati, na mara nyingi huandikwa kwa jina la mtu mwingine. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuzipata huko zilikojificha.

Anza na kalenda, si na miswada

Chukua karatasi au jedwali la kompyuta, uweke mstari mmoja kwa kila Kongresi. Kongresi moja hudumu miaka miwili, na kila rekodi ya Marekani imepangwa kwa namba ya Kongresi, si kwa mwaka. Kupata namba, chukua mwaka witiri ambao Kongresi ilianza, toa 1787, gawa kwa 2. Mwaka 1975 unakupa 94. Mwaka 2021 unakupa 117. Kama tukio ni la mwaka shufwa, tumia mwaka uliotangulia: kura ya 2002 hesabu kwa 2001, upate 107. Leahy alihudumu kuanzia Kongresi ya 94 hadi ya 117, yaani Kongresi 24. Jedwali lako likiwa na mistari pungufu au zaidi ya hiyo, umekosea mahali.

Kisha fungua kamusi rasmi ya wasifu wa wabunge, bioguide.congress.gov. Kila mbunge wa tangu 1789 yumo, na kila mmoja ana namba yake. Ya Leahy ni L000174. Iandike juu ya jedwali, kwa kuwa mikusanyo mingi ya data za Kongresi humtambua mbunge kwa namba hiyo, nayo inakuepusha na mkanganyiko wa majina. Humo utapata kwamba kabla ya Seneti alikuwa mwendesha mashtaka wa kaunti ya Chittenden kwa miaka minane, na kwamba alichaguliwa Novemba 1974. Alikuwa na miaka 34 tu, na ndiye Mdemokrati wa kwanza kuchaguliwa na Vermont kwenda Seneti. Alirudi kwa wapiga kura 1980, 1986, 1992, 1998, 2004, 2010 na 2016. Chaguzi nane, mihula nane ya miaka sita: hesabu inakubali.

Sasa jaza safu ya pili: alikuwa mwenyekiti wa kamati gani na lini. Hii ndiyo safu muhimu kuliko zote, kwa kuwa mwenyekiti ndiye anayeamua mswada gani usikilizwe na jaji gani aitwe kuhojiwa. Leahy aliongoza Kamati ya Kilimo 1987 hadi 1995, Kamati ya Sheria 2001 hadi 2003 na tena 2007 hadi 2015, na Kamati ya Matumizi ya Fedha 2021 hadi 2023. Alikuwa pia Rais wa Muda wa Seneti mara mbili: kuanzia 17 Desemba 2012, siku aliyofariki Inouye, hadi Januari 2015, na kuanzia 20 Januari 2021 hadi alipostaafu. Cheo hicho kwa desturi hupewa mkongwe wa chama chenye wingi, na humweka mwenye nacho wa tatu katika mstari wa kumrithi rais, nyuma ya makamu wa rais na spika.

Miaka ya uenyekiti ni mtego. Kitabu kikisema "2001 hadi 2003", usidhani ni mfululizo. Januari 2001 Seneti ilikuwa 50 kwa 50, na kura ya makamu wa rais Al Gore iliwapa Wademokrati uongozi kwa siku 17 tu. Alipoapishwa Dick Cheney tarehe 20, uongozi ukahamia kwa Warepublikani. Juni mwaka huohuo Jim Jeffords, seneta mwenzake Leahy kutoka Vermont, akakihama chama cha Republikani, na Leahy akarudi kitini. Ukimwandika John Ashcroft, aliyeteuliwa kuwa mwanasheria mkuu, utaona umuhimu wa jambo hili: vikao vya kumhoji katikati ya Januari viliongozwa na Leahy, lakini kamati ilipompigia kura tarehe 30 mwenyekiti alikuwa Mrepublikani Orrin Hatch. Safu yako ya kamati basi iandikwe kwa tarehe kamili.

Usitafute kwa jina la mwasilishaji peke yake

Congress.gov ina muhtasari wa miswada tangu 1973, kwa hiyo muda wote wa Leahy umo. Ukichagua jina lake kama mwasilishaji, kisha ukachuja kwa "Became Law", utapata orodha fupi kwa mtu wa miaka 48. Usishangae, wala usiandike kwamba hakufanya kitu.

Tazama sheria ya hataza ya 2011. Ilibadilisha msingi wenyewe: badala ya haki kwenda kwa aliyevumbua kwanza, kuanzia 16 Machi 2013 ikawa ya mvumbuzi aliyewasilisha ombi kwanza. Wamarekani wanaiita Sheria ya Leahy na Smith. Leahy aliwasilisha mswada wake, S. 23, na Seneti ikaupitisha kwa kura 95 kwa 5 Machi 2011. Lakini ulioishia mezani kwa Rais Obama Septemba ni H.R. 1249, mswada wa Baraza la Wawakilishi ulioletwa na Lamar Smith. Kwa hiyo sheria yenye jina la Leahy haionekani katika orodha ya miswada ya Leahy iliyokuwa sheria. Chujio linafanya kazi yake sawasawa. Swali ndilo halikuwa sahihi.

Kuna mengine yanayoonekana, lakini yamefunikwa na jina kubwa. Msingi wa alama ya chakula cha kilimo hai unachokikuta kwenye maduka ya Marekani uliwekwa na Sura ya XXI ya sheria ya kilimo ya 1990, S. 2830, aliyoiwasilisha Leahy akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Kilimo. Ukisoma kichwa cha sheria tu hutaona habari ya kilimo hai. Fungua maandishi, nenda kwenye sura.

Na kuna yasiyokuwa na mswada kabisa. Katazo la kwanza la Marekani la kuuza nje mabomu ya ardhini ya kuua watu liliingizwa katika sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 1993, kipengele cha 1365, iliyotiwa saini Oktoba 1992. Leahy ndiye aliyelisukuma. Hapo unahitaji rekodi ya marekebisho, na Congress.gov inayo tangu 1981. Kwa miaka ya 1975 hadi 1980 hakuna njia nyepesi: utasoma kumbukumbu za mjadala kwa mkono.

Kanuni yetu ya kazi ni kupitia mapito manne kwa kila jambo: miswada aliyowasilisha, miswada aliyounga mkono kwa sahihi, marekebisho, na sheria za bajeti za kila mwaka. Pito la nne ndilo linalochosha, na ndilo lenye mavuno zaidi. Leahy alikaa katika kamati ndogo ya matumizi ya misaada ya nje kwa miongo mingi, na pale sentensi moja inaweza kufunga au kufungua fedha za nchi nzima.

Fuata maneno: mfano wa Sheria ya Leahy

Hii ndiyo sehemu inayomgusa msomaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa hiyo tuipe nafasi. Sheria ya Leahy inakataza Marekani kukisaidia kikosi cha usalama cha nchi ya nje ikiwa kuna taarifa za kuaminika kwamba kikosi hicho kimefanya ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu: mauaji nje ya sheria, mateso, kupoteza watu, ubakaji. Inagusa jeshi na polisi wa Kenya, Uganda, Tanzania, Kongo na kila nchi inayopokea msaada huo.

Ukiitafuta kama mswada, hutaupata. Ilianza kama sentensi ndani ya sheria ya matumizi ya nje (bajeti ya kila mwaka ya misaada ya nje) ya mwaka wa fedha 1997, ikihusu fedha za kupambana na dawa za kulevya pekee. Mwaka uliofuata ikapanuliwa kugusa misaada yote ya usalama iliyomo katika sheria hiyo. Kwa miaka kadhaa ilibidi irudiwe kila bajeti. Mwaka wa fedha 2008 ikaingizwa katika Sheria ya Misaada ya Nje kama kipengele 620J, kisha ikabadilishwa namba kuwa 620M, na Desemba 2011 ikarekebishwa tena. Hiyo ni nakala ya wizara ya mambo ya nje. Nakala ya pili, ya wizara ya ulinzi, ina njia yake: ilianza na bajeti ya mwaka wa fedha 1999 ikigusa mafunzo, ikapanuliwa 2014 kugusa vifaa, na leo ni kipengele 362 cha Juzuu ya 10 ya sheria za Marekani.

Basi hatua ni hizi. Chukua maandishi ya leo ya 620M na uteue kifungu kisichobadilika sana, kama "gross violation of human rights" (pia kwa wingi, "gross violations") pamoja na "unit". Kitafute kwa alama za kunukuu ndani ya sheria za matumizi ya nje, mwaka kwa mwaka, ukirudi nyuma. Kila unapokikuta, nakili sentensi nzima kwenye jedwali, kisha weka mbili zinazofuatana ubavuni na upige mstari chini ya neno lililobadilika. Maneno yakibadilika, masharti yamebadilika. Maandishi kamili ya miswada yanaanza 1989 kwenye Congress.gov, kwa hiyo sheria hii yote imo.

Zingatia tofauti ndogo kati ya nakala mbili. Ya wizara ya mambo ya nje inaruhusu msaada kurudi serikali husika ikichukua hatua madhubuti za kuwafikisha wahusika mbele ya sheria. Ya wizara ya ulinzi inaruhusu ikiwa hatua zote za lazima za marekebisho zimechukuliwa, na hiyo si lazima iwe mashtaka. Makala nyingi huandika kama ni sheria moja. Mhariri makini atakushika hapo.

Usiandike kwamba sheria hii inazuia maovu. Inazuia fedha, tena kwa kikosi, na kwa kutazama nyuma. Uhakiki huanza ubalozini, kisha majina yanapelekwa Washington kupitia mfumo wa kompyuta uitwao INVEST. Kikosi kipya hakina historia ya kuhakikiwa. Kinachobaki ni historia ya mtu mmojammoja. Mwaka 2010 Marekani iliifunza batalioni ya 391 ya jeshi la Kongo huko Kisangani. Novemba 2012 wanajeshi wa Kongo waliorudi nyuma kutoka Goma waliwabaka wanawake na wasichana wengi Minova, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ukaitaja batalioni hiyo pamoja na ya 41. Anayeiandika Sheria ya Leahy bila Minova amewanyima wasomaji wake jambo la maana.

Kwa maelezo yaliyokwisha kuchambuliwa, tafuta ripoti za CRS, idara ya utafiti ya Kongresi. Zipo wazi kwa umma tangu 2018, hazina upande, na tanbihi zake zitakuonyesha namba za vipengele ulivyovikosa.

Kura: soma swali kabla ya jibu

Tovuti ya Seneti, senate.gov, ina kura za kuita majina tangu 1989. Za kabla ya hapo, yaani miaka 14 ya kwanza ya Leahy, zitafute Voteview, yenye kura zote tangu Kongresi ya kwanza. Namba za kura huanza upya kila mwaka, kwa hiyo "kura ya 237" peke yake haitoshi. Andika hivi: Kongresi ya 107, kikao cha 2, kura ya 237. Hiyo ni ya 11 Oktoba 2002 iliyomruhusu Rais Bush kutumia nguvu Iraq. Ilipita 77 kwa 23, na Leahy alikataa.

Makosa makubwa hutokea kwa kusoma "ndiyo" na "hapana" bila kusoma swali. Seneta anaweza kupiga kura ya kufunga mjadala, ya kuuweka mswada kando, ya marekebisho, au ya mswada wenyewe. "Ndiyo" ya kuweka kando ni kukataa. Kura ya kufunga mjadala inahitaji 60 kwa kawaida, na kiwango hicho kiliwekwa Machi 1975, miezi miwili tu baada ya Leahy kuapishwa. Awali ilikuwa theluthi mbili ya waliopo na kupiga kura. Mswada ulioanguka kwa 58 dhidi ya 42 haukukataliwa na wengi. Ulizuiwa na wachache. Kwa uteuzi wa majaji na mawaziri kanuni hiyo ilibadilishwa Novemba 2013, na kwa Mahakama ya Juu Aprili 2017. Tazama tarehe kabla ya kulinganisha.

Pia usichukue kura moja ukaifanya msimamo wa maisha. Oktoba 2001, wiki chache baada ya mashambulio ya Septemba, Leahy aliiunga mkono Sheria ya Patriot, iliyopanua mamlaka ya upelelezi; Seneti nzima ilikuwa 98 kwa 1. Machi 2006 ilipokuja kurefushwa, alikuwa mmoja wa kumi walioikataa, dhidi ya 89. Ukinukuu ya kwanza bila ya pili, umemsingizia. Ukinukuu ya pili bila ya kwanza, umempamba.

Mambo mengi hupita kwa kura ya sauti au kwa kukubaliana wote, na hapo hakuna jina la mtu. Kusema "hakuipinga" ni sahihi. Kusema "aliipigia kura" si sahihi.

Kesi ya pili ya Donald Trump, Februari 2021, huwachanganya wengi. Jaji Mkuu huongoza pale anaposhtakiwa rais aliye madarakani. Trump alikwisha kuondoka, kwa hiyo aliyeketi kitini ni Rais wa Muda wa Seneti, Leahy. Kuongoza hakukumwondolea kura yake: alipiga ya hatia. Matokeo yalikuwa 57 kwa 43, nayo yalihitaji 67, kwa hiyo Trump aliachiwa.

Hotuba

Kumbukumbu za mijadala ya Kongresi ni kama Hansard ya mabunge yetu, ila kuna mambo mawili ya kujihadhari nayo. Kwanza, kuna toleo la kila siku na toleo lililojalidiwa, na namba za kurasa hazilingani. Kurasa za Seneti katika toleo la kila siku huanza na herufi S. Za toleo lililojalidiwa hazina herufi. Nukuu isiyotaja toleo itampoteza anayekufuata. Pili, hotuba inaweza kuchapishwa bila kutamkwa ukumbini. Tangu 1978 hotuba za namna hiyo katika Seneti huwekewa alama ya nukta nene mwanzoni. Kama una shaka, tafuta video: Seneti ilianza kutangazwa kwa televisheni Juni 1986.

Fedha

Michango ya kampeni iko Tume ya Uchaguzi ya Marekani, fec.gov, tafuta kamati ya kampeni, usiishie kwa jina la mgombea. Taarifa za mali binafsi za maseneta ni jambo la haraka: sheria inataka ziwe wazi kwa umma hadi miaka sita baada ya seneta kuondoka, kisha huondolewa. Kwa seneta aliyetoka Januari 2023, pakua leo.

Nyaraka, na mlango wa pembeni

Sheria ya uhuru wa habari ya Marekani, FOIA, haigusi Kongresi. Barua iliyomo ndani ya ofisi ya seneta huwezi kuidai. Lakini barua hiyohiyo ikishafika wizarani, imekuwa nyaraka ya wizara, na wizara inabanwa na FOIA. Kwa hiyo usiombe "barua za Leahy" kutoka Seneti. Omba wizara ya mambo ya nje barua zote kati yake na Seneta Leahy kuhusu nchi fulani, katika miezi fulani. Si lazima uwe raia wa Marekani. Mwombaji asiye wa biashara hapewi gharama kwa saa mbili za kwanza za utafutaji na kurasa 100 za kwanza. Sheria inasema siku 20 za kazi. Kwa hali ilivyo, panga miezi, wakati mwingine miaka. Ombi pana hukwama. Taja nchi moja, jambo moja, na muda usiozidi mwaka.

Nyaraka za ofisi yake binafsi ni mali yake mwenyewe, naye huzipeleka maktaba anayoitaka kwa masharti anayokubaliana nayo. Wasiliana na mtunzaji wa maktaba kabla ya kukata tiketi, uulize masanduku gani yamefunguliwa. Nyaraka za kamati ni tofauti: ni mali ya Seneti na huhifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa, Washington. Kwa azimio la Seneti la 1980, nyingi hufunguliwa baada ya miaka 20, lakini za uchunguzi wa watu binafsi na za uteuzi hufungwa miaka 50. Faili za kawaida za Kamati ya Sheria za 2001 zimekwisha kuvuka miaka 20 na unaweza kuziulizia sasa. Faili za majaji walioteuliwa 2009, Leahy akiwa kitini, zisubirie 2059.